Sababu Tano za Kumpeleka Subira Kombewa

Kaloleni, Kisumu
9 Juni 2024

Nasir mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Naanza na salamu kwa sababu Mama alitulea hivyo, si kwa sababu nina hamu ya kukusalimu. Sisi hapa tunaishi. Binti yangu Naeema amechukua likizo dukani ili anipikie, na anapika vibaya vilevile. Mjomba Masinde kule Port Victoria hatoki tena kitandani. Maji ya ziwa yamerudi nyuma kidogo. Jirani yangu Maryanne anauliza kama daktari wetu wa Ujerumani amepata dawa ya magoti. Nimemwambia mara mia kwamba wewe ni daktari wa falsafa, si wa magoti. Anasema basi umtumie hata falsafa ya magoti.

Mume wangu Abdulrahman alifariki tarehe ishirini na nane Mei, baada ya alfajiri. Hilo unalijua, maana Naeema alikutumia ujumbe na wewe ukajibu "Inna lillahi" na neno "pole". Tulimzika siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Watu wakauliza, ndugu yake Subira yuko wapi? Nikasema yuko Ujerumani, anafundisha chuo kikuu. Wakaitika, aah, profesa. Ukasamehewa bila kuomba msamaha.

Nakuandikia barua kwa kuwa simu yako hailii, na yangu nimeizima. Niko eda, na watu hupiga simu wapate kusikia kama nalia. Silii, Nasir. Nakuambia wewe kwa sababu uko mbali. Miaka thelathini na moja nimekaa na yule mtu, na sasa nimevaa nguo isiyo na maua, nimekaa tu chumbani kama mtu aliye kliniki anayengoja kuitwa jina.

Sasa neno lenyewe. Unamkumbuka Joram, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu wa Kombewa. Abdulrahman alisilimu, ndugu zake wakabaki kanisani, na miaka yote tumeheshimiana. Siku ya tatu ya msiba Joram alikuja akakaa kwa adabu, akasema, "Shemeji, mila ya kwetu ya tero, ya mjane kurithiwa na ndugu wa mume, unaijua. Mjane haachwi hivi hivi. Eda yako ikiisha nitakuja niangike koti langu ndani ya nyumba yako, lilale siku moja. Halafu utahamia Kombewa, kwenye boma la mume wako. Mambo mengine siyataki, mimi ni mzee wa kanisa." Si mtu mbaya. Mjukuu wake anaugua, hospitali hawaoni kitu, na yeye ameshaamini ni kwa sababu kifo cha kaka yake hakijafungwa sawasawa.

Mimi sitaki. Leo koti, kesho mwenye koti. Na hata likibaki koti tu, mimi nimezaliwa hapa Kaloleni na cherehani yangu iko hapa, sasa Kombewa nikashone nini?

Kikao kitakuwa Jumamosi ya tarehe kumi na nne Septemba, wakishavuna, hapa kwangu. Wale wazee hawalichukui neno la mwanamke mpaka mwanamume wa kwao alitamke. Baba hayupo, Mjomba ndiyo hivyo. Umebaki wewe. Njoo uketi nao, useme hapana, unywe chai, urudi kwa wazungu wako.

Dada yako,
Subira


Altenrode, Ujerumani
2 Julai 2024

Dada Subira,

Waaleikum salaam. Barua yako imenifikia baada ya kuzunguka kidogo. Kuanzia sasa tafadhali tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha hii, kwa sababu jengo letu chuoni linakarabatiwa na barua hupotea. Mimi ni mzima. Huku ni kiangazi na kuna mwanga mpaka saa nne usiku, jambo ambalo sijalizoea hata sasa. Mpe Naeema salamu, na Mjomba pia, kama bado anakumbuka ni nani anayemsalimu.

Pole kwa msiba. Najua neno hilo nimeshalisema. Nimejaribu kutafuta jingine na sikupata. Abdulrahman alikuwa mtu mwema kwangu. Ndiye aliyenipeleka stesheni nilipoondoka, akanibebea sanduku la vitabu begani, akauliza kama Kilatini ni lugha ya watu au ya majini.

Habari za kazi hukuniuliza, ila nitakuambia kwa kuwa inahusu jambo lako la kutolia. Unajua miaka ishirini na miwili nimemsoma mtu mmoja, mtawa aitwaye Volkmari, aliyeishi zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Nilianza naye kwa bahati tu. Yule padri wa shule ya upili alinifundisha Kilatini kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye, na mtoto wa Kiislamu alimchekesha. Baada ya hapo nikapata ufadhili, nikaandika tasnifu, nikapewa kiti cha uprofesa, nikatoa juzuu mbili za Volkmari ambazo zimenunuliwa na maktaba. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, halafu watatu. Muhula mmoja alikuja mmoja, naye alikuwa amekosea chumba. Alikaa kwa heshima mpaka kipindi kikaisha.

Huyu Volkmari anauliza swali hili: je, asiyemlilia maiti wake, alimpenda? Kwanza anatoa sababu zote za kusema hakumpenda. Ndivyo walivyofanya wanafalsafa wa zama zile. Unaanza na maneno ya mpinzani wako, unayasema vizuri kuliko anavyoyasema mwenyewe, ndipo unageuka na kusema "lakini", na kutoa jibu lako. Ilikuwa adabu. Nilitaka kukunakilia jibu lake. Kwa bahati mbaya juzuu hiyo haiko karibu nami kwa sasa.

Kuhusu kuja, safari haitawezekana mwaka huu. Kuna mambo ya makaratasi ambayo hayafai kuelezwa ndani ya barua. Naomba usikasirike. Kama kuna namna nyingine ya kusaidia, niko tayari.

Mdogo wako,
Nasir


Kaloleni
21 Julai 2024

Nasir,

Salamu. Tumeamka, tumekula, tuko hai. Mji ulikuwa moto, vijana barabarani wakiandamana, moshi wa kutoa machozi ukaingia mpaka jikoni kwangu. Naeema akalia, Maryanne akalia, na mimi pia nikatoa machozi kwa mara ya kwanza tangu Mei. Majirani wakapeana macho: ahaa, sasa limemuingia. Nikawaacha waamini hivyo.

Nimekasirika. Umeniomba nisikasirike na nimekasirika. Makaratasi gani hayo yasiyoelezeka? Wewe ni mtu wa makaratasi maisha yako yote. Baba alikufa akidhani unasomea uhakimu, akawaambia watu msikitini kwamba mwanawe atarudi kuwa kadhi. Tulimwacha na furaha yake. Mimi ndiye niliyeshona mashati uliyoondoka nayo, na sikuwahi kukuuliza ule utawa wa Volkmari unakuhusu nini. Leo nakuomba jambo moja na unaniambia anwani imebadilika.

Joram alikuja tena Jumatano. Ameleta unga na sukari, akakaa uwanjani maana hataki kuingia bila utaratibu. Mjukuu hajapona. Anazungumza nami polepole, kama anamzungumzisha mgonjwa. "Shemeji, sikulazimishi. Mimi naogopa tu." Ungemwona ungemhurumia. Mimi mwenyewe namhurumia, na hiyo ndiyo shida, kwa sababu wakija wengi nikiwahurumia wote nitajikuta nimefunga mizigo.

Basi andika. Joram ni mwalimu, anaheshimu maandishi kuliko watu. Andika barua ya kikao kwa jina la nyumba yetu, uifunge, nitampa aisome mbele ya wote. Wakisikia ndugu yangu amekataa, yamekwisha, hawataniudhi tena. Iwe fupi. Iwe wazi. Uandike hapana, Nasir, hata kama hutaandika kitu kingine chochote.

Halafu yule mtawa wako alijibu nini? Umeniacha katikati. Mtu ana mwanafunzi mmoja tu na bado hamalizi somo.

Subira


Altenrode
12 Agosti 2024

Dada Subira,

Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe na Naeema na jirani mwenye magoti. Mimi sina jipya. Nimehamia chumba kidogo zaidi, karibu na kazini, na sihitaji kikubwa.

Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine iliyofungwa, imeandikwa KWA KIKAO. Ina kurasa sita. Uliomba iwe fupi na nimejaribu, lakini jambo lenyewe ni zito na wazee wale wanastahili heshima. Nimemtendea haki Joram. Nilikaa nalo Jumamosi na Jumapili zote mbili, na niseme ukweli, ni kitu cha kwanza nilichoandika tangu mwaka jana. Nilisahau kula. Sijui kama hiyo ndiyo furaha, ila nilipoweka kalamu chini niliona ni kazi nzuri, labda nzuri kuliko juzuu zile mbili.

Jibu la Volkmari sijalipata bado. Nitalitafuta.

Nasir


Kaloleni
15 Septemba 2024

Nasir,

Wote wazima. Naandika upesi ili kesho asubuhi Naeema apitie posta.

Jana walikuja. Joram, shangazi yao Adero ambaye ndiye mkubwa wa boma sasa, wazee wawili wa ukoo na mchungaji wao. Mimi nilikaa chumbani na Naeema, pazia limeshushwa na mlango uko wazi ili nisikie. Bahasha yako sikuifungua. Uliandika kwa kikao, nikaona adabu ni kuipeleka kama ilivyo. Naeema akawapa chai, akampa Joram barua. Joram akavaa miwani akasema, "Hii ni barua ya profesa. Tuisikilize kwa heshima." Wakanyamaza wote, hata Adero, na Adero huwa hanyamazi.

Akasoma. Ana sauti nzuri yule mtu, ya kuwasomea watoto imla.

"Inaonekana kwamba Subira anapaswa kwenda Kombewa. Sababu ya kwanza: jina la mke hubaki pale mume alipozaliwa, na boma lisilo na mjane wake lina pengo."

Nikamtazama Naeema. Nikadhani ni utangulizi.

"Sababu ya pili: kuna mtoto mgonjwa, na anayeweza kuondoa hofu ya nyumba nzima kwa jambo dogo, akikataa, hofu ile itahesabiwa juu yake. Sababu ya tatu: Joram hajaomba mke, ameomba nafasi ya kuangika koti, na aombaye kidogo kwa unyenyekevu ni vigumu kumnyima."

"Eee," akasema mzee mmoja. "Huyu anajua."

Ya nne ikawa Naeema ataolewa na mimi nitabaki peke yangu kwenye nyumba tupu. Halafu ya tano. Nimeikariri: "Subira kwa miaka thelathini hakuwahi kuinyima Kombewa kitu. Akiinyima leo, watu watasema wema wote ule ulikuwa wa kumridhisha Abdulrahman, na wao wenyewe hakuwahi kuwapenda."

Hapo Joram akaweka karatasi mezani, akavua miwani, akajifuta macho. Adero akapiga vigelegele mpaka Maryanne akatoka nje kuona kuna arusi ya nani. Mchungaji akasimama, akasema tumshukuru Mungu kwa msomi asiyesahau kwao, akafunga kikao kwa sala. Joram akawa anasema tu, "Kumbe mtu anaweza kukaa Ulaya miaka yote hiyo na akatuelewa hivi. Hata mimi sikuweza kuyasema." Nadhani kweli alidhani kurasa zilizobaki ni za salamu.

Naeema aliinuka aende kusema barua haijaisha. Nikamshika mkono. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimekuamini. Kufikia sababu ya tano hawakuwa wao tu. Ni mimi pia. Nilikaa pale mkekani nikasema moyoni, basi, ndugu yangu amenitoa, na sikuhisi chochote, wala uchungu, nikaanza kufikiria tu cherehani itapandaje gari.

Walipoondoka nikaenda kutoa vyombo. Kurasa nne zilikuwa chini ya birika, zimelowa chai pembeni. Ukurasa wa tatu unaanza: "Lakini kinyume na hayo." Nikazisoma zote. Maneno mazuri sana, Nasir. Pale uliposema mtu si pengo la boma la watu, nilirudia mara mbili. Hakuna aliyeyasikia ila mimi, na mimi hapana yangu nilikuwa nayo tangu Juni.

Una akili gani wewe? Nilikuomba neno moja! Ni wapi duniani watu wanamtetea adui kwanza kurasa mbili nzima, tena mbele ya huyo adui, tena kwa ustadi hivyo? Joram peke yake asingepata hata sababu mbili. Umempa tano.

Eda inaisha tarehe tatu Oktoba. Jumamosi inayofuata anakuja na koti.

Subira


Altenrode
1 Oktoba 2024

Dada,

Salamu kwako na kwa Naeema. Baridi imeanza. Nina afya.

Barua yako nimeisoma kazini, wakati wa mapumziko ya dakika ishirini, nikiwa nimesimama kando ya mkanda wa kupitishia mizigo kwa sababu viti hujaa. Halafu kengele ikalia nikaendelea na kazi. Sikuweza kuisoma tena mpaka nilipofika nyumbani.

Sina utetezi, na kujenga utetezi ndicho kitu pekee nilichosomea. Huku, au tuseme mahali nilipokuwa nikiishi kichwani, ukieleza sababu za mwenzako kwa unyonge unahesabiwa kuwa mwizi. Nilizitafuta sababu za Joram kana kwamba ni zangu. Nilijivunia ile ya tano. Nilijua ndiyo nzito kuliko zote, na nilikuwa nimeiandalia jibu zito zaidi kwenye ukurasa wa tano. Haikunipitia akilini kwamba kuna watu duniani wanaoinuka kabla ya "lakini". Hata wale wanafunzi watatu wa mwisho, ambao hawakuelewa neno, walikaa mpaka mwisho.

Nimekaa nikijichunguza. Ningependa kukuandikia kwamba nimeumia, na najua ndivyo inavyopaswa. Nagusa nasikia ganzi tu, na si tangu jana. Imeanza zamani kidogo. Wewe uliniandikia kwamba hulii, na nikakujibu kwa Volkmari, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kukujibu kwamba hata mimi.

Nakuja. Nitaomba ruhusa ya wiki mbili, nikae nao mimi mwenyewe, niseme ulichoniomba niseme, kisha nirudi kwenye kazi zangu. Nipe muda wa kupanga. Usimfungulie Joram mlango kabla sijafika.

Nasir


Kaloleni
24 Oktoba 2024

Nasir mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika jana, na Joram alifika tarehe tano, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Nimetoka eda. Wanawake wa mtaa walinikosha, nikavaa dera jipya la buluu, na nguo za msiba nikazigawa. Naeema amerudi dukani, alhamdulillahi, sasa tunakula vizuri. Mjomba Masinde anakusalimu, ingawa alimsalimu Baba pia.

Walikuja saa nne asubuhi, walewale. Joram alikuwa amelibeba koti mkononi, ndani ya nailoni ya dobi, limepigwa pasi. Jeusi. Nadhani ni lile la kanisani. Amekonda. Safari hii sikukaa chumbani. Nilikuwa sebuleni nimesimama, nikawakaribisha wakae, wakakaa. Joram akatafuta msumari ukutani kwa macho.

Nikasema, "Shemeji, hapana."

Wakadhani nasema hakuna msumari. Mzee mmoja akasema hata kiti kinafaa. Nikasema tena, "Hapana, sitaki koti, na Kombewa siendi."

Adero akageuka akatazama mlangoni kama kuna mtu nyuma yangu. "Nani amekutuma useme hivyo?"

"Hakuna aliyenituma."

Joram akasema, kwa upole, maana hajui kusema vinginevyo, "Lakini ndugu yako mwenyewe ametoa sababu tano."

Nikamwambia, "Zote ni nzuri. Nimezisikia. Na sitaki."

Nilingoja kitu kitokee. Sijui nilingoja nini, labda paa lianguke. Adero aliguna akasema wanawake wa Kaloleni wamezidi. Mchungaji akatazama saa. Nikamwambia Joram amlete mjukuu wake hapa Kisumu nimpeleke kwa daktari wa watoto ninayemshonea, na mtoto atalala kwangu na mimi nitamkesha, na hilo nitalifanya kwa sababu ni mtoto wa nyumba yangu, bila koti. Akanitazama sana. Akalikunja koti lake juu ya magoti na nailoni yake, akaomba chai iongezwe maji ya moto. Wakanywa, wakaenda. Mtoto ameletwa Jumatatu. Jina lake ni Byron, ana miaka sita, haongei sana, na anapenda chapati. Daktari ameagiza vipimo. Hatujui bado.

Haikuwa ngumu, Nasir. Hilo ndilo linaloniuma, na kati ya yote haya ndilo pekee linaloniuma. Miezi minne nimekaa chumbani nikingoja mwanamume avuke bahari aje alitamke neno hilo, nimekusumbua, nimekutukana kwenye barua, nimekuandikisha kurasa sita, na neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni wakati wote. Walipoondoka nikaosha vikombe. Kulia bado sijalia, na sitafuti tena. Yule mtawa wako akae na jibu lake.

Sasa wewe. Naeema ametafuta jina lako kwenye tovuti ya chuo. Halipo. Anasema idara yenyewe haipo, imefungwa tangu mwaka jana. Sikushangaa. Profesa gani anapigiwa kengele ya mapumziko? Profesa gani vitabu vyake haviko karibu naye? Na Naeema anasema, kwa wenzetu huko, kazi ikikatika na kibali hukatika, na mtu akitoka haruhusiwi kurudi, kwa hiyo hayo ndiyo makaratasi yako yasiyoelezeka. Ulikuwa unajificha, halafu mimi nikawa nakuita uje unifiche. Ungeniambia tu. Ningekuwa nimekasirikia kitu cha kweli.

Usije kwa wiki mbili. Hizo wiki mbili ni uongo, na ninakujua unapodanganya, tangu utotoni unataja muda. Wala usije kuniokoa, maana yamekwisha. Watu hapa sijawaambia kitu. Watakuita profesa hata ukiuza maji, huo ndio mji wetu, na Maryanne anakungoja na magoti yake yote mawili. Chumba cha nyuma nimekifagia. Byron analala upande wa dirisha, wewe utalala upande mwingine.

Ninajua utakaa chini uanze kutafuta sababu za kuja na sababu za kutokuja, ukurasa kwa ukurasa. Acha. Njoo kwa kuwa huna pa kwenda. Hiyo moja inatosha.

Dada yako,
Subira